Nilikwenda Lambwe Kuupima Mtihani

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu kwa sababu alikuwa akiniuliza huku anaangalia simu. Sasa nimeandika. Someni mpaka mwisho, na asije mtu kuniambia "nipe kwa ufupi", kwa sababu ufupi haupo.

Swali lenu ni lile lile: hivi, Zuhura, wiki tatu nzima ulikuwa ukifanya nini huko Homa Bay na Migori? Nilikwenda kuupima mtihani. Si kuwapima watoto, jamani. Kuupima mtihani wenyewe. Kuna mtihani wa akili wa picha na maswali, uliotungwa ng'ambo kwa watoto wa ng'ambo, na Daktari wetu wa Nairobi alitaka kujua kama unafaa kwa watoto wetu kabla watu hawajaanza kuutumia kuwaamulia watoto maisha. Basi unawauliza watoto, na wakishindwa vibaya unajua mtihani ndio mbovu. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa, na mwenzenu nikaamini. Maneno hayo niliyasema katika kaunti mbili, kwa walimu, kwa kina mama, kwa waendesha boda na kwa mwenye hoteli, na aliyenielewa ni muuza samaki mmoja tu. Mambo ya vibali na tiketi siwasimulii, mtalala.

Homa Bay hadi Lambwe

Homa Bay nilipokewa na Mwalimu Ogutu, mkalimani wangu wa Kidholuo. Ni mwalimu mstaafu, mrefu, mkavu, amefunga shati mpaka kifungo cha shingoni, na mfukoni ana kalamu nyekundu asiyoachana nayo hata akienda msalani. Maisha yake yote amefundisha darasa la tatu. Aliponiona tu aliniuliza, "Wewe ndio nyar Mombasa?" yaani binti wa Mombasa, na tangu saa hiyo jina la Zuhura likaingia likizo.

Akasema tule kwanza. Saa moja asubuhi! Mimi nikawa natazamia chai na mandazi. Ikaja sahani ya ugali uliosimama wima, na omena, wale dagaa wa ziwani, wamekaangwa wananitazama wote kwa pamoja.

"Kula, nyar Mombasa," akasema Ogutu. "Chai ni ya wagonjwa."

Nilikula. Mimi niliyelelewa kwa mahamri na mbaazi nilikula ugali jua halijapanda, na nasema kweli ya Mungu, mpaka alasiri sikusikia njaa.

Vifaa vyetu vilikuwa ndani ya sanduku la buluu lenye kifuniko cheupe. Aliyelichagua simjui, lakini kila mama katika Kenya hii anajua sanduku la namna ile hubeba nini. Tulipoingia bonde la Lambwe kwa boda mbili, moja yangu na moja ya Ogutu na sanduku, kina mama njiani walikuwa wameshaanza kufungua kanga na kuteremsha watoto mgongoni. Tulipofika shuleni wametutangulia kumi na mmoja, na mmoja amekuja na mumewe.

"Madam, hii chanjo ni ya mdomo ama ya mguu?"

"Mama, hatuna chanjo. Tuna maswali."

"Sawa. Maswali ya mdomo ama ya mguu?"

Walikaa pale saa mbili wakingoja nibadilishe nia.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mnene wa sauti laini, anayependa sana kila jambo liwe na karatasi yake. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, kisha akatutobolea siri. Kuna shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalum, mbali huko kupita Rongo, imempa nafasi ya mtoto mmoja, naye anatakiwa kumtaja mwisho wa mwezi. Tena ana mtoto anayemfikiria. Anaitwa Anyango, ana miaka minane, ameletwa muhula huu kutoka Kisumu kukaa na nyanya yake, kwa sababu mama yake amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Tangu aingie darasani hajafungua kinywa.

"Sasa Mungu amewaleta kwangu," akasema. "Mkinipimia huyu, mimi nitakuwa na ushahidi."

"Mwalimu, sisi hatuwapimi watoto. Tunaupima mtihani."

"Ndiyo, ndiyo, naelewa kabisa," akasema. "Na majibu yatakuwa tayari lini?"

Nyanya mwenyewe, ambaye pale wote humwita Dani, alikuwa ameshasikia. Alikuja na mjukuu wake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Madam, mimi sisemi hiyo shule ni mbaya. Ni nzuri kwa mtoto yule anaihitaji. Huyu haihitaji. Huyu nyumbani anaongea mpaka ninamwambia anyamaze nisikie redio. Wakimpeleka huko, mimi nitabaki kuongea na kuku."

Nikamwahidi kwamba karatasi zangu hazitamgusa mtoto wake. Nikaahidi, mwenzenu, kwa mdomo wangu huu.

Tukaanza. Tulipewa stoo ya vitabu yenye dirisha moja, na dirishani pale shule nzima imejaza vichwa. Watoto wengine wakajibu vizuri mpaka ilipofika picha ya mtu wa theluji. Kuna aliyesema ni mzimu, kuna aliyesema ni mtu aliyevimba, na mmoja akasema mama amemwaga unga. Mimi mwenyewe theluji sijaiona, lakini jibu la unga liliniingia akilini.

Ikafika zamu ya Anyango. Nikamwonyesha picha ya mbuzi.

"Hii ni nini?"

Kimya. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akageuka kutazama vile vichwa vya dirishani, akashusha pumzi.

"Fikiria, nyathina, fikiria!" Ogutu akamwambia kwa nyuma. Nyathina ni "mtoto wangu". Kukaa kimya mbele ya mtoto asiyejibu kulikuwa kunamkata maini yule mzee.

Picha ishirini na nne, asijibu hata moja. Na kilichonisumbua si ukimya wake. Ni vile alivyokuwa akinitazama, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyelazwa. Fomu yetu ina visanduku viwili tu: "anaweza" na "hawezi". Kisanduku cha "hataki" hakuna. Nikatia alama kwenye "hawezi" mara ishirini na nne, moyo ukinisuta.

Lambwe hadi Sindo

Tukaondoka kuelekea Sindo, upande wa ziwani. Tulikwenda kandokando ya uzio wa mbuga ya Ruma, na hapo boda yangu ikapata pancha. Dereva akawa anabandika gurudumu, na Ogutu akaona muda usipotee bure, akamjaribu na mtihani wetu. Dereva alipata ishirini na mbili. Mtu wa theluji alimwita "mzungu wa kanisa".

Sindo tulikaa wiki nzima na siku juu, kwa sababu hapo kazi ilikuwa kuuliza mara mbili. Mjue kwamba mtihani mzuri, ukimuuliza mtoto leo na ukamuuliza tena baada ya wiki, majibu yanafanana. Huo wanauita uthabiti, na Daktari anaupenda uthabiti kuliko mnavyopenda nyinyi pilau ya harusi. Jumatatu tukawauliza, wakajibu vizuri ajabu. Kati hapo nikala samaki mpaka nikaona haya: fulu, ngege, mbuta wa mchuzi, na osuga, mboga chungu ambayo siku ya kwanza unaitukana na siku ya tatu unaiulizia.

Jumatatu ya pili tukarudi na picha zile zile.

Loo! Aliyesema kijiko sasa anasema uma. Aliyesema kuku anasema bata, na nilipoandika akanitazama usoni akaongeza haraka, "Ama ni kanga?" Mbuzi alikuwa kondoo, swala, na kwa mmoja alikuwa punda mdogo. Darasa zima limegeuza majibu, na kadiri mtoto alivyokuwa na akili wiki iliyopita, ndivyo alivyogeuza zaidi.

Nikamwita msichana mmoja, Beryl, aliyeng'oka meno mawili ya mbele, nikamuuliza mbona kijiko kimekuwa uma.

"Madam, si ulirudi?"

"Nilirudi, ndiyo."

"Sasa kama ningepata, ungerudi kufanya nini?"

Nikamgeukia Ogutu. Akakuna kidevu. "Amesema kweli," akasema. "Mimi nikiuliza mtoto mara mbili, huyo amekosea. Hakuna mwalimu anarudia mtoto amepata. Hata mimi ningebadilisha."

Nikampigia Daktari nikamweleza. Akasema uthabiti umeanguka vibaya sana, na dawa yake ni kuwauliza mara ya tatu.

Nilikata simu nikashuka ufukweni, nimekasirika nusu nilie. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Pamela, mama wa samaki, anamgombeza mnunuzi aliyekuja na mizani yake. Kabla hajaweka samaki hata mmoja, Mama Pamela alitoa jiwe kwenye beseni lake akalitupa juu ya mizani. Jiwe lile analijua uzito wake. Mizani ikasema uongo.

"Rudi na hiyo takataka yako!" akamwambia. Kisha akaniona nimesimama. "Na wewe nyar Mombasa, ile sanduku yenu ya buluu ni ya nini? Watu wanasema ni ya kutoa watoto damu."

Nikamweleza: tunaupima mtihani, hatuwapimi watoto. Nikangoja anicheke.

"Si ni kama hii yangu? Mnapima mizani kwanza," akasema. "Na jiwe yenu iko wapi?"

Aliniuzia ngege mkubwa, na siku ile yeye peke yake ndiye aliyenifurahisha.

Sindo hadi Kehancha

Tulizunguka kwa njia ya Karungu mpaka Migori mjini, na hapo nikapata mkahawa wa Waislamu, nikapata chai ya tangawizi na sambusa, nikakaribia kumbusu mpishi. Ogutu alikula sambusa kumi. Akasema ni kitu kizuri, lakini si chakula.

Kehancha tukaingia kwa Wakuria, na huko Ogutu naye akawa mgeni kama mimi, kwa hiyo tukashikana na Kiswahili. Akanuna siku nzima. Huko kulikuwa pia na dodoso la wazazi, na swali la kwanza linasema: "Je, mtoto wako humtazama mtu mzima machoni anapozungumza naye?" Baba mmoja, Mzee Mwita, mkulima wa tumbaku, alisimama kabisa.

"Nani amesema hivyo juu ya mtoto yangu?"

"Hakuna aliyesema, mzee. Ni swali tu."

"Mtoto yangu ako na heshima! Anaangalia chini! Leta huyo mtu amesema!"

Kwa fomu yetu, mtoto asiyekutazama machoni ana kasoro. Kwa Mzee Mwita, anayekutazama ndiye mwenye kasoro, tena ya kutafutiwa fimbo. Nilimtuliza kwa dakika ishirini. Baadaye nikamfikia bintiye, Robi, nikamsomea hesabu: "Baba ana ng'ombe saba. Wawili wametoka zizini. Wamebaki wangapi?"

Robi akamtazama baba yake. "Wametoka wakaenda wapi?"

"Wametoka tu. Wamebaki wangapi?"

"Ng'ombe wawili wakipotea," Mzee Mwita akaingilia, "watu wanaenda kutafuta. Nani anakaa nyumbani kuhesabu wale wamebaki?"

Robi akaitikia kwa kichwa. Jibu la kitabu ni tano. Mimi nikaandika pembeni "twende tukawatafute", na mpaka leo nasema ni jibu bora.

Alhamisi alasiri, tukifunga sanduku, simu ya Ogutu ikalia. Alikuwa Dani, kwa simu ya jirani, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa. Shuleni Lambwe kumebandikwa karatasi ukutani. Majina yote ya watoto tuliowapima, kuanzia namba moja hadi namba thelathini na mbili. Wa thelathini na mbili ni Anyango. Kesho Ijumaa, saa nane mchana, kuna mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu atatia sahihi fomu ya kumpeleka bweni. Wazazi wengine wameshaanza kumwita mjukuu wake jina ambalo Dani hakulitamka.

"Ulisema karatasi yako haitamgusa," Dani akaniambia Ogutu aliponipa simu. Hakupiga kelele. Afadhali angenipigia kelele.

Nikampigia Daktari. Nikasema nitasimama mbele ya wazazi niwaambie mtihani wetu haufai bado, majibu yake ni takataka. Daktari akanijibu kwa upole sana kwamba matokeo ya majaribio hayatangazwi hadharani, na nikithubutu kutangaza kwamba chombo chake kimefeli, mkataba mwingine nisiuote.

Kehancha hadi Awendo

Ijumaa alfajiri tukaondoka kwa gari la Probox, kupitia Isebania na Migori, na mpaka Awendo mambo yalikuwa mazuri. Hapo tukakuta trekta la miwa limelala barabarani na trela yake imekingama, miwa imetapakaa huku na huku, magari yamejipanga mpaka upeo wa macho. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Nyinyi mnanijua hasira zangu. Nilishuka nikamwendea dereva wa trekta, nikamwambia kuna mtoto anaangamia kwa ajili yake. Akanisikiliza kwa makini, akanimenyea muwa. Watu wote pale walikuwa wanakula miwa. Hakuna aliyeonekana ana haraka, na kila niliyemuuliza alisema "sasa hivi tu".

Nikarudi garini natafuna, nikamuuliza Ogutu swali lililokuwa limenikaa kooni tangu jana. Fomu zetu hazina namba. Hakuna mahali zinapopanga watoto wa kwanza na wa mwisho. Nani kaandika hiyo orodha?

Ogutu akaitazama miwa. Akafungua kifungo cha shingo, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe!"

"Mwalimu mkuu aliniomba siku ile ulienda kununua maji. Na mimi nilikuwa tayari nimeiandika. Madam, mtihani bila namba si mtihani! Mtoto atajuaje amekuwa wa ngapi? Mzazi atapiga nani makofi? Maisha yangu yote sijawahi kusahihisha kazi nikaacha kupanga namba. Mkono ulipanga peke yake."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, kwa sababu mama yangu atasoma. Nikamwambia tumekwenda kote tukiimba kwamba hatuwapimi watoto, kumbe anayeniitikia wimbo anapanga namba kwa kalamu nyekundu. Hakujitetea. Aliinama akalia kimyakimya, mzee mzima, muwa mkononi, na mimi hasira zikaniishia nikabaki na aibu, maana zile "hawezi" ishirini na nne niliziandika mimi.

Saa tano na robo trela ikavutwa pembeni.

Rongo hadi Lambwe

Rongo hatukusimama. Homa Bay hatukusimama. Ogutu alimsimamia dereva kichwani kama anasimamia mtihani. Tuliingia shuleni saa nane na dakika ishirini, vumbi mpaka kwenye kope.

Ile karatasi ilikuwa ukutani nje ya ofisi, imefunikwa nailoni isilowe. Juu yake mwalimu mkuu ameongeza kichwa kwa herufi kubwa: MATOKEO YA AKILI. Darasani wazazi wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Dani alikuwa mbele, na Anyango pembeni yake, anatazama miguu yake. Fomu iko mezani.

Nikaomba kusema. Nikasema yote. Nikasema mtihani wetu umefeli, kwamba tulikuja kuona kama unafaa na tumeona haufai, kwamba ile orodha haina maana yoyote. Ogutu akasimama akatafsiri, kisha akaongeza lake: kwamba aliyeiandika ni yeye, na anaomba msamaha. Wazazi wakagunaguna.

"Madam ni mtu wa huruma," mwalimu mkuu akasema. "Lakini mtoto anayejua anajua. Ukimuuliza mara ngapi, anajua."

Nikatoa picha. "Hii ni nini, mwalimu?"

"Mbuzi."

Nikaitazama picha. Nikamtazama yeye. Nikamwonyesha tena, polepole. "Mwalimu. Hii ni nini?"

Akavaa miwani. Akaisogeza picha, akaitenga. Jasho likamtoka pale juu ya mdomo.

"Ni... aina ya kondoo?"

Darasa lilipasuka. Kuna mzee alianguka kutoka kwenye dawati. Mimi nilicheka mpaka nikasahau kilichonileta, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu mwalimu mkuu hakucheka. Alivua miwani, akangoja kelele zitulie.

"Sawa," akasema kwa sauti yake laini. "Basi tusibishane. Mtoto yuko hapa. Madam amwonyeshe yeye, mbele ya wote. Akijibu moja tu, nachana fomu."

Dani akamsukuma kidogo mjukuu wake. Anyango akaja mbele. Nikapiga magoti nikashika picha. Hii ni nini, mwanangu? Akaitazama. Akanitazama. Akageuka kuwatazama wazazi wote wale waliokuwa wakifuta machozi ya kicheko. Akafunga mdomo wake, akatikisa kichwa, akarudi kwa nyanya yake.

"Mmejionea," mwalimu mkuu akasema. "Tutatia sahihi baada ya chakula."

Nikatoka. Nilikwenda nyuma ya jiko la shule nikakaa juu ya kuni, nikalia. Nililia kweli, jamani, kamasi na yote. Mkataba umekwenda, mtoto amekwenda, na nimemwaibisha mtu mbele ya watu wake kwa kujiona mjanja.

Nikasikia kitu kinanivuta ushungi. Ni Anyango. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akahakikisha hakuna mtu. Akachukua zile picha mapajani mwangu, akakaa kando yangu, akaishika ya kwanza karibu na uso wangu.

"Hii ni mbuzi," akaninong'oneza kwa Kiswahili cha Kisumu. "Kwa Kijaluo tunasema diel. Sema."

"Diel," nikasema.

"Hii ni kuku. Gweno. Ukiona iko na hii nyekundu kwa kichwa, ni jogoo. Hii ni kijiko. Hii ni ndoo, ya maji. Hii ni guok, mbwa, lakini si ya huku, ya huku haina nywele mingi."

Akaenda hivyo, moja baada ya nyingine, kwa subira, akinirudisha nilipotamka vibaya. Alipofika kwa mtu wa theluji alimgeuza juu chini, akafikiri.

"Hii hata mimi sijui," akasema. "Hii usijali."

Nikamuuliza mbona hakusema kule ndani. Mbona hakusema hata siku ya kwanza.

"Watu walikuwa wengi," akasema. "Hata darasani mwalimu akiuliza, watu ni wengi. Na wewe ni mtu mkubwa na hujui mbuzi. Wangekucheka."

Nikasikia mtu anakohoa. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko na sahani ya wali aliyokuwa ananiletea mimi mgeni wake, pamoja na yote niliyomtendea. Sijui alikuwa pale tangu picha ya ngapi. Alinipa sahani bila kunitazama. Kisha akarudi ofisini, nikamwona akiing'oa ile karatasi ukutani na nailoni yake, na ile fomu akaichana vipande vinne, kwa utaratibu, kama anavyofanya kila kitu. Akamwita Dani akamwambia mtoto Jumatatu aje darasani, na atakalishwa mbele. Nafasi ya bweni atamtafutia mtoto anayeihitaji.

Daktari hajanipigia simu tena, na hilo ndilo jibu la swali lenu la pili, kwa nini niko nyumbani.

Tulipokuwa tunafunga sanduku, Anyango alikuja akanirudishia picha zote, amezipanga vizuri, mtu wa theluji ameondolewa. Akaniambia nisiogope. Nikizisoma kidogo kidogo kila siku, zitaniingia.